Wakikuuliza Alama, Usiseme Mafuriko

Kaeni vizuri kwanza, na mwenye kutafuna miraa akateme nje, maana nyumba hii si stendi ya magari. Haya. Najua mlilolijia. Mmefanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, alama zimetoka za kusikitisha, lakini kwa bahati yenu vyeti vingine vimewabeba, mkaitwa mahojiano. Sasa mnataka kujua, mkiulizwa habari ya alama, mseme nini. Tangu nistaafu nikajenga hapa Garsen naulizwa swali hilo hilo. Wengine wanakuja wenyewe, wengine wanavutwa mkono na mama zao kama watoto wanaopelekwa kudungwa sindano. Nitawajibu, lakini kwa njia yangu. Mimi mtoto wa Kipini, na kujibu kwa mkato sisi hatukufundishwa.

Msije mkadhani mimi ni daktari. Mimi ni muuguzi. Nilianza kazi hapa hapa Garsen nikiwa msichana mwembamba, msicheke, kisha nikahamishiwa hospitali moja kubwa ya pwani yenye chuo cha udaktari ndani yake, nikakaa huko mpaka nikawa matroni. Chuo kile kilikuwa na desturi nzuri. Kwenye jopo la kuwahoji wanaotaka kuingia, lazima akae muuguzi mmoja. Daktari asiyejua kuongea na muuguzi ni balaa wodini, na sisi tunamnusa mapema. Muuguzi huyo nikawa mimi, mwaka baada ya mwaka.

Nakikumbuka chumba kile, jamani. Meza ndefu iliyolegea mguu mmoja, na dirisha lililotazama nyuma kwenye kamba za dobi, mashuka ya wodi yanapigwa na upepo. Chai ya tangawizi inaletwa, mandazi yanafunikwa na kitambaa ili nzi wasiwe wa kwanza. Halafu mlango unagongwa, sote tunanyamaza, anaingia mtoto wa watu na koti la kuazima, mikono haijui ikae wapi. Niliupenda ule wakati mlango unapofunguka kuliko kitu chochote katika kazi yangu, na wodini nilipenda mengi. Hata sasa msimu wa mahojiano ukifika situlii. Naingia jikoni, natoka, naingia tena. Natamani mtu agonge.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza, na hili ni letu sisi watu wa Tana. Kila mtoto aliyetoka huku, akiulizwa kwa nini alama zake ziko chini, alisema mafuriko. Wa Wenje mafuriko. Wa Ozi mafuriko. Wa Garsen mjini, nyumba yao iko kando ya lami, mafuriko. Sikatai, mto unatutesa, na mimi nimezalisha mama ndani ya mtumbwi huku mume wake akipiga kafi na kunisemesha ati nifanye haraka. Lakini neno likishatumiwa na kila mtu, yule mwenye shida ya kweli anabaki hana la kusema. Wenzangu kwenye jopo ikafika pahali wakisoma tu kwamba mtoto ametoka Tana River, wananigeukia mimi na kutabasamu. Nilikuwa naona haya kama kwamba mto ule ni wangu.

Akaja kijana mmoja wa Wenje, mtanashati, sauti nzuri, viatu vinang'aa. Akaulizwa. "Mafuriko, dakta." Mwenyekiti wetu akamwuliza kwa upole yalikuwa mwezi gani. Kijana akataja mwezi wa mtihani. Toba! Mimi nikainama chini ya meza nikajifanya nafunga kiatu. Mwezi ule, mwaka ule, nilikuwa nimetoka Wenje hiyo hiyo kumzika shangazi ya mume wangu, na mto tuliuvuka kwa miguu, kanga sikuhitaji hata kuipandisha. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kiu. Mwenyekiti aliponitazama nikiibuka na uso umeniwiva, alielewa. Akamwambia kijana, "Pole sana, mwanangu," akamshukuru kwa kuja. Hakuchukuliwa, na wallahi alama zake zilikuwa zinavumilika.

Mwenyekiti huyo alikuwa Dakta Righa, Mtaita, mrefu, mfuko wa koti lake daima una njugu za kukaanga. Ametangulia sasa, Mungu amrehemu. Huyo ndiye aliyenifundisha kuhoji. Hakuwa akiuliza "kwa nini". Alikuwa akisema, "Alama hii, hebu tupe habari yake," halafu anakaa kimya, anamenya njugu. Ule ukimya uliwamaliza wengi. Mtu hakuulizwa zaidi, lakini mwenyewe anaanza kumwaga: mara mwalimu hakufundisha, mara alikuwa na malaria, mara mitihani huwa haimpendi. Aliyesema mitihani haimpendi, Dakta Righa alimwambia, "Na udaktari ni mitihani mpaka unastaafu. Sasa mtaishi vipi nyumba moja?" Na msichana mmoja alimsema mwalimu wake wa kemia mpaka akataja jina lake, shule yake na tumbo lake. Maskini, hakujua mwalimu huyo ni shemeji wa mmoja wetu, na shemeji mwenyewe amekaa pale anakoroga chai.

Siku moja tukiwa kwenye mapumziko nilimwuliza Dakta Righa anatafuta nini hasa. Akasema, "Sista, kesho huyu mtoto atasimama mbele ya mgonjwa na majibu mabaya mkononi. Nataka kuona akiwa na majibu mabaya yake mwenyewe anafanyaje. Anadanganya? Analia ili nimhurumie? Anamtupia mtu mwingine? Au anasema?" Basi hilo mlikamate. Nami nikaongeza langu la kiuguzi. Sisi asubuhi tukikabidhiana wodi, kila mgonjwa tunamsema hivi: kilichotokea, kilichofanywa, hali yake sasa. Kisha unafunga mdomo, unaenda kwa kitanda cha pili. Alama yako ikabidhi vivyo hivyo. "Nilipata hivi. Nilipojichunguza nikaona kosa ni hili. Nimefanya hili na hili. Sasa niko hapa." Nyamaza. Usiogope kimya, acha wao wamenye njugu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Chuo kingine kinawazungusha watoto mlango kwa mlango, kengele ikilia unahama hata kama umefika katikati ya neno. Kingine hakimwiti mtu, kinamhoji kwa kompyuta akiwa kwao. Nasikia chumba chetu kile kimekuwa stoo ya vitanda vibovu. Niliposikia niliumwa, nikamwambia aliyenipa habari asinipe habari tena.

Nije sasa kwa Habiba.

Habiba ni binti wa Mzee Guyo, Mworma mwenye ng'ombe zake huko mbugani, na mama yake mnamjua, ndiye anayeuza maziwa pale sokoni. Alikuja kwangu mwaka jana, mtandio mpaka kwenye nyusi, sauti ya kunong'ona. Alitaka udaktari tangu akiwa mtoto wa shule. Mbugani kwao hakujawahi kutoka daktari hata mmoja, na mdogo wake alifariki njiani wakimleta hospitali. Hilo hakunieleza yeye, nilielezwa na mama yake. Kwa mtihani wa kuingia alipata alama nzuri kwenye sayansi, na sehemu ya maamuzi akaanguka kifudifudi, ikamvuta chini yote. Sehemu ya maamuzi ni ile unayopewa kisa cha mgonjwa, unachagua la kufanya.

Nikamwambia, "Hebu nisomee visa unavyovikumbuka." Akaanza. Mwanamume mtu mzima amegundulika ana ugonjwa usiopona, nani aambiwe kwanza? Habiba alichagua kaka mkubwa wa mgonjwa. Mama amefiwa na mtoto wodini, yuko peke yake barazani, utafanya nini? Habiba alichagua kumpa kitu cha kunywa na kumwita mtu wa kwao, habari baadaye. Vyote alivijibu hivyo, kimoja baada ya kingine, kwa moyo mweupe kabisa. Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaacha kucheka.

Maana kwao ndivyo ilivyo. Nilipoanza kazi hapa niliona kwa macho yangu. Alikuwepo daktari mgeni, mtu mwema, akamwambia mfugaji mmoja pale pale mlangoni kwamba mke wake ameaga. Hata salamu haijaisha. Hawajaulizana ng'ombe amani, watoto amani, malisho amani. Yule bwana hakulia. Aligeuka na fimbo yake akaondoka, na ilibidi jamaa zake ndio waje kuchukua maiti. Muda mrefu baada ya pale, watu wa upande ule hawakutuletea mgonjwa. Kwao habari mbaya haimkuti mtu peke yake. Inapelekwa kwa mjomba au kwa kaka, anatafutwa, anakuja, anakaa ubavuni kwa mwenye msiba, naye anywe maziwa kwanza, ndipo aambiwe. Mtihani haukuwa na nafasi ya maziwa.

Lakini mimi nilijua jopo linataka nini. Nikamwambia Habiba, "Wakikuuliza, sema ulikosea, umesoma, sasa unajua mgonjwa ndiye wa kuambiwa kwanza. Basi."

Akauvuta mtandio wake. Kisha akasema, macho chini, "Nikisema nilikosea tu, Sista, si nimesema babangu hana akili?"

"Babako hakuomba nafasi ya chuo. Umeomba wewe."

"Lakini ndiye atakayekuwa mgonjwa wangu."

Roho ikanipanda. "Ebo! Unataka kuingia chuo au unataka kushinda kesi?"

Akachukua viatu vyake mlangoni akaondoka bila kuaga. Nikasema haya, nimempoteza. Kesho yake alasiri nikamwona anaingia uani na kibuyu cha maziwa, ananiuliza habari za nyumba, habari za mguu wangu, habari za kuku, kama kwamba jana hatukufokeana. Tukaendelea. Habari ya maneno ya kusema nilimwachia mwenyewe, nikashika ya macho, maana chuo alichoomba kinahoji kwa kompyuta. Kwao kumtazama mzee usoni ukijibu ni utovu wa adabu, na kwa kompyuta ukitazama chini unaonekana umeficha kitu. Nikachukua wanja wangu, nikatia doa pembeni ya kile kitundu cha kamera ya kompyuta. "Hapo ndipo walipo wazee wako," nikamwambia. "Mzee akiwa doa la wanja unaweza kumtazama, si vibaya." Alicheka, na nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Mahojiano yakafanyiwa hapa kwangu, chumba hiki mlichokaa, kwa sababu kwao mbugani mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Sheria ya chuo ilisema chumbani asiwe na mtu mwingine. Uani hawakutaja. Nikatoka na ungo wa mchele nikakaa chini ya dirisha nachagua mawe. Sikusema neno, na msije mkamwambia mtu nilisema. Waliongea Kiingereza, mimi nawapa kwa Kiswahili.

Sauti zilikuwa tatu, zote ngeni. Hilo lilinichoma. Nilitegea kusikia hata mmoja ninayemjua, hata mmoja tuliyemwingiza sisi. Hakuna. Nilikaa nje ya chumba nilichokuwa nikikaa ndani, ungo mapajani, na nilitamani niwe upande ule wa kompyuta, nimwone mtoto anavyoingia, nimpe jicho la kumtuliza nilivyokuwa nikiwapa wengine.

Wakamwuliza kwa nini udaktari, akajibu vizuri. Wakamwuliza kuhusu kufanya kazi na wenzake, akajibu. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Habiba, alama zako za maamuzi ziko chini sana. Tueleze."

Mchele nikauacha.

"Alama hizo ni zangu," akasema. "Kila swali la habari mbaya nililijibu kama tunavyofanya nyumbani. Nyumbani hatumwambii mtu akiwa peke yake. Tunatafuta kwanza wa kukaa naye. Mtihani ulitaka mgonjwa aambiwe kwanza, na mimi nilimweka nyuma ya ndugu zake. Baada ya matokeo nilienda kliniki ya Garsen nikaomba kukaa na wauguzi wakiongea na wagonjwa. Nikaona wagonjwa wengine wanafichwa na ndugu zao mpaka wanakufa hawajui."

"Na sasa ungejibu vipi?"

Hapo akanyamaza, na mimi nikafa mara moja pale uani. Sema, mwanangu. Sema.

"Ningemwambia mgonjwa kwanza. Mwili ni wake. Kulikubali hilo haikuwa rahisi kwangu. Lakini kabla sijamwambia ningemwuliza anataka nani akae naye. Babangu angetaka kaka yake."

Sauti ya mwanamume, ya ukali kidogo: "Na mgonjwa ambaye hana mtu?"

"Basi nitakaa mimi."

Wanangu, nimekaa kwenye jopo miaka na miaka. Nimesikia watoto wa madaktari, watoto wa mawaziri, watoto waliosomeshwa majibu na watu wa kulipwa. Jibu kama lile sikulisikia. Nililia nikaufanya mchele uwe wa kuoshwa upya. Nilimtamani Dakta Righa. Nilitaka awepo, aache kumenya njugu, anigeukie na kile kitabasamu chake.

Majibu yalikuja kwa simu ya mama yake, kule sokoni. Vigelegele vilisikika mpaka huku. Nikavaa viatu hata havijaingia vizuri, nikatoka, nikakutana nao kwenye lango langu, mama mbele, Habiba nyuma. "Sista, wamemchukua!" mama akasema. "Chuo kimemchukua! Muuguzi kama wewe!"

Muuguzi.

Nikamtazama Habiba. Akanieleza pole pole. Mahojiano yalikuwa mazuri, walimsifu, lakini jumla ya alama haikufika. Udaktari wamemnyima, wamempa nafasi ya uuguzi, aanze muhula huu huu. Mama yake hakuona tofauti, yote ni hospitali, yote ni nguo nyeupe. Akanishika mikono, akanishukuru, akanibusu vidole. Nami nikaanza kusema yale yanayosemwa, hongera, mashallah, kazi nzuri, kazi ya heshima.

"Sista," Habiba akasema. Alinitazama usoni. "Siudharau uuguzi. Lakini sikuomba uuguzi. Nitakataa, nirudie mtihani."

Sitaficha, kwanza nilikasirika. Nilisikia kama kwamba amezitazama kazi zangu zote akasema hazitoshi. Uuguzi si makombo ya udaktari! Mikono hii imepokea watoto ambao leo wana watoto. Nilifungua mdomo nimwambie, nimwambie asichezee riziki, nafasi haimsubiri mtu, mama yake anauza maziwa juani. Mama yake alikuwa ananitazama akingoja niseme hivyo hivyo. Kila mtu mwenye akili angesema hivyo.

Nikashindwa. Kwa sababu mimi pia niliomba udaktari.

Hilo hata mume wangu, Mungu amrehemu, sikumwambia vizuri. Nilikuwa msichana wa Kipini, nikaingia kwenye chumba kama kile, na koti la dada yangu. Wakaniambia alama hazikutosha, lakini uuguzi upo. Nikasema asante kabla mwenye kusema hajamaliza. Niliogopa akiendelea atabadili mawazo. Na uuguzi nikaupenda, siwadanganyi. Lakini miaka yote ile kwenye jopo nilidhani nakipenda chumba kwa ajili ya chai na Dakta Righa na wale watoto. Nikiwa pale langoni, Habiba amesimama mbele yangu, ndipo nilipojua nilichokuwa nikikitamani kila mlango ulipofunguka. Nilitamani niwe mimi ninayeingia.

Nikamwambia, "Rudia."

Mama yake aliachia mikono yangu. Mpaka leo hanisalimii, na hata kuuziwa maziwa siuziwi. Ana haki. Binti yake anasoma hapa kwangu kila alasiri, mtihani unakuja, na huenda akaanguka tena, na huenda nimemharibia. Kama nilimshauri yeye au nilijishauri mimi niliyechelewa, sijui, na usingizi unakatika kwa kutojua.

Lakini mmeniuliza, nami nimewajibu. Wakikuuliza alama, sema ilivyo, kisha unyamaze. Na wakikupa usichoomba, usiwe na haraka ya kusema asante.